Mzazi, fomu ya mdhamini si fomu ya mkopo

Tangu likizo ianze, sehemu ya vijana ya maktaba yetu hapa mjini Mombasa imepokea malalamiko ya namna mbili. Vijana wanasema wananyimwa kadi. Wazazi wanasema wanalazimishwa kutia sahihi karatasi wasiyoielewa. Ukiyachunguza, ni lalamiko moja: fomu ya mdhamini isiporudi na sahihi, kadi haitoki, na kijana huondoka akiamini amefukuzwa.

Mama mmoja aliirudisha fomu juu ya kaunta kwa ncha za vidole, akasema, "Sitii sahihi mimi, kesho nisije nikaitwa kwa chifu." Hofu yake naielewa. Watu wa mji huu udhamini wanaujua kwa mikopo ya vyama, na wako walioona makochi yakitolewa nje kwa deni la jirani. Lakini fomu ile haisemi hayo, na ingesomwa hadi mwisho tusingefika huko.

Unachodhamini ni kitabu, basi. Kijana akikipoteza au akikiharibu, mdhamini ndiye atakayetafutwa. Hudhamini nauli yake, matokeo ya mtihani wake wala mahali anakokwenda akitoka kwetu. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa sababu wapo wazazi wanaotupigia magharibi kuuliza mtoto yuko wapi. Maktaba haifungii watu.

Tunaulizwa pia kwa nini kijana wa miaka 16, mwenye simu yake na akili zake, asijitilie sahihi mwenyewe. Kwanza hana kitambulisho, maana hicho hutolewa kuanzia miaka 18. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka taarifa za mtoto zichukuliwe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Jina, shule, mtaa na namba ya simu ni taarifa zake. Tukiziandika bila idhini, mvunja sheria ni sisi. Kwa hiyo fomu ina sahihi mbili, ya udhamini na ya idhini, na kuna kisanduku cha tatu kinachohusu picha. Hicho ukikiacha wazi mwanao ataingia kwenye mdahalo kama wenzake, ila hatapigwa picha. Aliyetimiza 18 aje na kitambulisho, au karatasi ya kusubiria kama hakijatoka, na sahihi ya idhini ataitia mwenyewe.

Sasa adhabu. Tarehe ya kurudisha hupigwa muhuri kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada. Faini huanza kuhesabiwa kesho yake, kwa kila kitabu na kwa kila siku ambayo maktaba iko wazi. Siku tulizofunga hazihesabiwi. Ujumbe wa kwanza humfikia kijana, wa pili humfikia mdhamini, na baada ya hapo kadi husimamishwa mpaka kitabu kirudi na faini ilipwe. Kadi iliyosimamishwa haikuzuii kuingia kusoma. Unachozuiwa ni kuazima. Kiwango cha faini kimebandikwa kaunta, na kila malipo yana risiti. Mtumishi akikutajia namba yake binafsi umtumie pesa, omba kumwona msimamizi papo hapo. Anayejua atachelewa apige simu kabla ya tarehe, aongezewe muda, mradi hakuna mwingine anayekingojea kitabu hicho. Ni simu ya dakika moja. Kisingizio cha feri ya Likoni tumekizoea, na feri hukwama kweli, lakini haikwami wiki tatu.

Kitabu kikipotea, leta kingine cha jina lilelile na toleo lilelile au jipya zaidi. Usilete kitabu chochote cha bei sawa. Kwa vitabu vya kiada hapo hatulegezi, kwa kuwa mtaala umebadilika na toleo la zamani humpoteza mwanafunzi atakayelitumia baadaye.

Kitabu kikilowa, usikianike juani wala usikipige pasi. Kwa unyevu wa pwani, ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, na jua hukunja kurasa zisifunguke tena. Kiweke penye upepo na kivuli, tia karatasi nyeupe kati ya kurasa, ukilete siku hiyohiyo. Tukikipata mapema mara nyingi hukiokoa, na hakuna malipo. Kinachotuuma ni wembe. Majuzi mkusanyo wa mitihani ya miaka iliyopita ulirudi kaunta ukiwa mzima kwa nje. Kurasa zilikatwa karibu na uti hata mtumishi asione kitu. Katika vitabu vilivyoshonwa, ukurasa mmoja umeungana na mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo ukikata mmoja unaulegeza na wa pili, na ule hudondoka mikononi mwa msomaji asiye na kosa, akalaumiwa yeye. Kagueni kitabu kabla ya kukichukua, mkiona kasoro tuiandike.

Kompyuta ni za vijana wote wenye kadi, kwa zamu. Hapa si saiba. Tutakuonyesha mahali pa kuanzia maombi ya KUCCPS, ya nafasi za vyuo, au ya HELB, ya mkopo wa masomo ya juu, lakini hatutakujazia fomu, na hatutakutunzia nywila. Wanaotuandikia nywila zao kwenye vikaratasi na kutuachia kaunta, tafadhali.

Kuhusu vipindi: klabu ya vitabu hukutana Jumamosi alasiri kwa sababu asubuhi wengi wako madrasa, na katika Ramadhani tunaisogeza asubuhi siku za kazi. Mdahalo, mafunzo ya kompyuta na kikao cha kuandika barua za kazi ni vya likizo. Si lazima uwe mwanafunzi. Kijana aliyeacha shule na yuko gereji anakaribishwa vilevile, ingawa hao ndio wachache tunaowaona. Kwa wanaodai maktaba ni mambo ya wasomi wa bara: Maktaba ya Seif bin Salim, iliyokuwa na chumba cha kusomea bure, ilifunguliwa hapahapa Mombasa mwaka 1903.

Vijana pia hulalamika kwamba hatuna hadithi za Kiswahili. Wanatafuta rafu ya namba 496, penye kamusi na sarufi. Hadithi na mashairi yako 896, rafu nyingine kabisa. Mpango huo wa namba si wetu, umetoka Marekani, nami ningependa ungekuwa mwingine, lakini ulizeni.

Limebaki swali la wazazi kuhusu orodha ya vitabu anavyoazima mwanao. Mdhamini anaweza kuulizia kama kuna kitabu kilichochelewa na deni lake. Orodha nzima hatuitoi kaunta wala kwa simu. Muulize mwenyewe, au njoo mkae naye mezani asome mbele yako. Haya yameandikwa ukurasa wa pili wa fomu. Ukipewa fomu yenye ukurasa mmoja, dai wa pili kabla ya kutia sahihi.