Achana na wati za kwenye boksi, anza na desibeli za spika

Kila wiki naletewa redio imeandikwa mbele PMPO (zile wati za matangazo) 8,000, nikiigeuza nyuma kwenye kile kibandiko cha umeme nakuta wati 60. Sasa jamani, kitu kinachovuta wati 60 ukutani kitatoaje 8,000? Ndo maana mtu akiniuliza anunue amplifaya gani ya sebuleni namwambia subiri kwanza, spika zako zipi?

Spika nzuri za kuweka kwenye rafu huwa wameandika zinatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ukizipa wati 1 na ukazisikiliza ukiwa mita 1. Hapo ndo pa kukodolea macho. Zikipungua desibeli 3 tu unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile, kwahiyo spika ya 84 inataka wati mara nne ya spika ya 90, na hizo wati unazilipia wewe kwenye luku. Mimi sishuki chini ya 86. Sony SS-CS5 kwa mfano ni desibeli 87, omu 6 (ukinzani wake kwa umeme), kiboksi cha kawaida tu ila sebule ya mita nne kwa tano inaijaza vizuri, na mkiwa mnasikiliza huku mnapiga stori hata wati 2 haifiki. Kama ina tundu la besi kwa nyuma usiibane na ukuta, besi inakuwa inavuma tu.

Ukishapata spika, amplifaya chukua klasi D (klasi ni aina ya saketi ya ndani). Zile za klasi AB umeme mwingi unaishia kuwa joto, ndo maana zina yale mabati makubwa ya kupozea. Klasi D transista zake zinawaka na kuzima kabisa mara laki kadhaa kwa sekunde, hazikai nusunusu, kwahiyo ukiipigisha kwa nguvu karibu asilimia 90 ya umeme inaenda kwenye spika. Nilipima kwangu kwa mita ya plagi: risiva yangu ya zamani (amplifaya yenye redio ndani) ilikula wati 38 hata muziki haujaanza, hii ndogo yenye chipu ya TPA3116 inakula 4. Wati 34 hizo kwa masaa 6 kila siku ni kama yuniti 6 kwa mwezi, na kama uko kwenye ile bei nafuu ya umeme ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi unajua zinavyouma.

Chipu hiyo inakubali volti 4.5 mpaka 26, chaja ya laptopu ya volti 19 inaiendesha safi kabisa, na wenye sola wanaifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 (weka fyuzi karibu na betri, tafadhali sana). Kwa volti 12 kwenye spika za omu 8 utapata kama wati 8 kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza, ila kwa spika za desibeli 88 chumbani hizo ni nyingi mno.

Kinachoziua hizi mashine ni watu kuunganisha hasi ya kushoto na ya kulia. Juzi kijana kaniletea ya kwake, alipitisha waya tatu tu, hasi zote kazifunga pamoja kama kwenye redio za zamani, chipu imeshaungua. Hapa hiyo "hasi" nayo inatoa sauti, siyo ethi, kwahiyo kila spika ipewe waya zake mbili mpaka kwenye amplifaya.