Antinyutrino za vinu vya nyuklia hazipotei njiani

Hapa Lubumbashi neno urani halitamkwi kwa wepesi. Shinkolobwe iko upande wa Likasi, na wazee bado wanasimulia jinsi urani yake ilivyopelekwa Marekani ikaingia kwenye mabomu ya atomu ya 1945. Ndiyo maana nikitaja darasani antinyutrino, yaani chembe ndogo mno zisizo na chaji zinazotoka kwenye vinu vya nyuklia vinavyotumia urani, swali huja mapema: "Mwalimu, hazituunguzi?"

Haziunguzi. Kuogopa urani yenyewe ni haki, kwani vumbi lake na gesi ya radoni huharibu mapafu ya mchimbaji. Antinyutrino ni jambo jingine: hupenya mwili, mlima na dunia nzima karibu bila kugusa kitu. Tena sisi wenyewe tunazitoa. Bukari, maharagwe na sombe vina potasiamu, na sehemu yake ndogo sana ina mnururisho. Mwili wa mtu mzima hutoa antinyutrino kama 4,000 kila sekunde.

Basi wengine husema, kama hazigusi kitu, hazipimiki. Lakini wanafizikia Reines na Cowan walizinasa 1956 kwenye kinu cha Savannah River, Marekani. Mara chache mno antinyutrino hugonga protoni, zikazaliwa positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) na nyutroni. Positroni hutoa mmweko papo hapo. Nyutroni huzurura kidogo, hunaswa, ukaja mmweko wa pili. Mimweko hiyo miwili ikifuatana, ujue ndiyo yenyewe.

Dhana inayonisumbua zaidi hurudiwa hata na waliosoma fizikia: kwamba nyingine hupotea safarini. Katika mgodi wa Kamioka, Japani, chombo cha KamLAND chenye tani 1,000 za mafuta yanayomweka kilipima antinyutrino za vinu vilivyo umbali wa wastani wa kilomita 180. Matokeo ya 2002: yalitarajiwa matukio kama 87, yakaonekana 54. Zilizokosekana zilikuwa zimegeuka aina, kwani antinyutrino ziko aina tatu: ya elektroni, ya muoni na ya tau. Kinu hutoa aina ya elektroni peke yake. Njiani sehemu yake huwa ya muoni au ya tau. Ili aina ya muoni ijulikane kwa mgongano kama ule, lazima izae muoni, chembe nzito mara 200 hivi kuliko elektroni, na nishati ya antinyutrino za kinu haifiki huko. Kwa hiyo inapita ndani ya mafuta yale yale, chombo kisiione.

Na kilichopotea hakirudi. Lakini KamLAND ilipopanga matukio yake kwa umbali na nishati, idadi ilishuka, ikapanda, ikashuka tena: zilizogeuka zilikuwa zinarudi kuwa aina ya elektroni.

Si kweli pia kwamba chombo kikiwa karibu zaidi na kinu ndiyo bora. Jaribio la Daya Bay, China, lilihitaji vyombo vya mita mia kadhaa na vingine vya karibu kilomita 2, likavilinganisha, na 2012 likapima mgeuko mdogo wa aina ambao KamLAND haikuweza kuutenga. JUNO, chombo kingine cha China kilichoanza kukusanya data 2025, kimewekwa makusudi kilomita 53 kutoka kwenye vinu, chini ya mita 700 za mwamba unaozuia mionzi ya angani, na kwa tani zake 20,000 za mafuta kinatafuta mpangilio wa uzito wa nyutrino tatu, yaani ipi ni nzito na ipi ni nyepesi.