Hospisi, Hisani na Hesabu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Hospisi, yaani taasisi inayowatunza wagonjwa wanaokaribia kufariki, ikiwa hailengi faida haitakiwi kubaki na fedha mwisho wa mwaka.

Ukweli: Kinachokatazwa ni kugawana ziada. Kuwa nayo ni halali, na ikigeuzwa akiba ndiyo inayolipa wauguzi katika miezi ambayo mfadhili amechelewa. Mgonjwa aliyepokelewa akiwa na wiki tano za kuishi hawezi kuambiwa katika wiki ya tatu kwamba fungu limekwisha, kwa hiyo bodi inayojivunia kumaliza kila senti inawaweka rehani wagonjwa wake.

Dhana potofu: Malipo ya uhakika ya bima yakipatikana, vishawishi huisha.

Ukweli: Hapo ndipo vinapoanza. Nchini Marekani, ambako Medicare, mpango wa serikali wa bima ya afya hasa kwa wazee, uliidhinishwa kugharamia hospisi kwa sheria ya mwaka 1982, huduma ya kawaida ya nyumbani hulipiwa kiwango maalumu kwa kila siku ambayo mgonjwa yumo kwenye orodha, awe ametembelewa siku hiyo au la. Gharama, hata hivyo, hazisambai sawasawa: siku za kwanza kuna tathmini, godoro la kuzuia vidonda, mashine ya oksijeni na kuwafundisha ndugu kupima dozi, siku za mwisho muuguzi huitwa hata usiku wa manane, katikati ndipo penye nafuu. Matokeo yake, mgonjwa wa maradhi ya usahaulifu anayedhoofika polepole huacha ziada, ilhali mwenye saratani aliyeletwa siku tatu kabla ya kufariki huacha hasara. Mwaka 2016 Medicare ilianza kulipa zaidi kwa siku 60 za kwanza, pamoja na nyongeza kwa baadhi ya ziara za siku saba za mwisho, hatua iliyopunguza kishawishi cha kuchagua wagonjwa wanaoacha ziada bila kukimaliza. Binafsi, kabla ya kusoma dira ya hospisi iliyotundikwa ukutani, ningeomba kwanza orodha ya wagonjwa iliowakataa.

Dhana potofu: Wahudumu wa kujitolea hawana gharama.

Ukweli: Huchujwa, hufunzwa, hulipiwa nauli na huhitaji msimamizi anayelipwa.

Dhana potofu: Kutuliza maumivu vizuri kunahitaji fedha nyingi.

Ukweli: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilijengwa juu ya mofini ya maji, dawa ya bei nafuu inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani. Fedha nyingi huenda kwa watu na safari zao, gharama ambazo wafadhili wengi hawapendi kuzilipia.

Dhana potofu: Msaada haukataliwi.

Ukweli: Jengo lenye jina la mfadhili litadai mlinzi, umeme na usafi kila siku, na huenda mwenye jina asichangie hata kimojawapo, huku gari la ziara za nyumbani likikosa mafuta. Ugumu zaidi uko kwa familia za wagonjwa. Ndugu anayeombwa mchango wakati mzazi wake angali kitandani hana uhuru wa kukataa, kwa sababu anahofu kwamba chupa ijayo ya mofini inaweza kuchelewa. Maombi hayo yasubiri hadi baada ya maziko, na muuguzi anayepima dozi asiwe ndiye anayebeba bahasha ya michango.