Kuogelea Mwendo Mrefu Ziwa Viktoria: Maswali na Majibu kuhusu Saa, Upepo na Kichocho

Je, muogeleaji wa Entebbe apange safari yake kwa kufuata maji kupwa na kujaa?
Hapana. Hiyo ni hesabu ya Mombasa na Zanzibar. Ziwani kupwa na kujaa ni kudogo mno hata hakuonekani; kinachotawala ni upepo, ambao mchana huvuma kutoka ziwani ukiinua mawimbi, ndiyo maana wengi huanza alfajiri. Mawingu ya radi yakionekana, usiingie.

Kuanza alfajiri kunazuia kichocho?
Kunapunguza hatari, hakuiondoi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, lakini huweza kuishi majini hadi siku mbili, kwa hiyo vya jana bado vipo. Hatari kubwa haiko katikati ya ziwa bali pale mnapoingilia: maji ya magotini, kando ya matete, ambapo watu husimama wakirekebisha miwani na kungoja wenzao, ilhali ngozi hupenywa kwa dakika chache tu. Ingieni kutoka kwenye mashua, majini penye kina.

Nikijifuta kwa taulo haraka?
Jifute, lakini usilitegemee taulo.

Sioni damu kwenye mkojo. Si nina afya njema?
La. Kichocho cha Ziwa Viktoria ni cha tumbo: minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo, na mayai hutoka kwa choo kikubwa. Anayechungulia mkojo wake anachungulia mahali pasipohusika. Mayai mengine hukwama kwenye ini na kulikaza polepole kwa miaka, mpaka tumbo linajaa maji au mgonjwa anatapika damu, na hapo ndipo wengi wanapoletwa kwetu wahudumu wa afya.

Na kama sina dalili yoyote?
Nenda ukapimwe.

Hata choo changu kikiwa safi kwa macho?
Nimekwisha kujibu, na ninajibu tena: nenda ukapimwe, wiki sita hadi nane baada ya kuogelea. Anayefanya mazoezi kila wiki asingoje msimu uishe. Apange na mhudumu ratiba ya kupima.

Homa ikinipata wiki chache baadaye?
Pima malaria kabla ya kumeza dawa yake, na umwambie mhudumu kwamba uliogelea ziwani, kwa sababu kichocho kichanga nacho huleta homa, kikohozi na vipele vya kuwasha. Usiponiambia, nitajuaje?

Nimeze prazikwanteli, dawa ya kichocho, kabla ya mashindano, iwe kinga?
Tabia hii naiona mno, na haina maana. Dawa hiyo, inayotolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili na kumezwa baada ya kula, huua minyoo iliyokomaa. Haiui michanga wala haizuii maambukizi mapya. Aliyeimeza asubuhi ya mashindano bado anatakiwa kupimwa baada ya wiki sita.