Kuipatanisha sabufa na chumba maana yake nini

Huku Mtwara mtu akisema amenunua sabufa, anamaanisha seti nzima: boksi kubwa, spika zake ndogo na rimoti. Kwa mafundi wa sauti, sabufa ni lile boksi kubwa peke yake, linalobeba sauti nzito tu, yaani besi. Kuipatanisha na chumba ni kulitafutia boksi hilo mahali na kipimo ambacho besi itasikika sawa pale unapokaa.

Hapo unapokaa ndiyo habari yenyewe. Katika joto letu la pwani sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo wimbi la besi lenye masafa ya hezi 44, yaani mitetemo 44 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8. Sebule ya mita 4 inalimeza nusu tu. Wimbi linagonga ukuta wa tofali za saruji, linarudi, linakutana na linalokuja. Matokeo yake, besi ya masafa hayo inavimba karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba.

Nililiona hili kwangu Ligula. Nimekaa kwenye kochi lililoegemea ukuta, besi inavuma mpaka maneno ya mwimbaji siyashiki. Mke wangu yuko kwenye mkeka katikati ya sebule, anachambua mchele, ananiuliza mbona leo muziki hauna besi. Wimbo mmoja, na kati yetu hatua mbili! Kitufe cha besi nilichokuwa nakizungusha jioni nzima hakikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo anza na mahali. Kona huzidisha besi, na wengi tunaiweka sabufa huko kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Jaribu hivi: pandisha boksi juu ya kiti chako, piga wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka, kisha tambaa kandokando ya kuta, kichwa kikiwa chini. Utapita penye ngurumo, utapita pakavu, mwisho utafika mahali ambapo kila noti inasikika kwa uzito wake. Boksi likae hapo. Njia ya sauti kutoka kiti hadi ukutani ni ileile ukiigeuza, ndiyo maana jaribio hili halidanganyi. Kama boksi lina tundu la kutolea hewa kwa nyuma, liache mbali kidogo na ukuta.

Vitufe vinafuata. Seti nyingi za bei ya kawaida zina voliumu, besi na trebo tu, basi anza na besi katikati. Sabufa yenye kitufe cha mpaka wa masafa, yaani pale sabufa inapoziachia spika ndogo sauti za juu zaidi, hezi 80 ni mwanzo mzuri, ila spika ndogo sana zitahitaji mpaka wa juu zaidi. Ikiwa na swichi ya 0 na 180, inayogeuza wimbi la sabufa ili liende pamoja na la spika ndogo, mwenzako aibadilishe wewe ukiwa kitini, na uache upande unaokupa besi nyingi zaidi.

Ukisikia mkwaruzo juu ya mdundo, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Weka kiganja kwenye kioo cha kabati, kwenye fremu ya dirisha, kwenye mlango. Kwangu ulikuwa mfuniko wa sufuria juu ya kabati.