Si matapeli, lakini usiuze kiwanja

Jumamosi mama mmoja anayeuza mawese pale soko la Mwanga, hapa Kigoma, kaja studio kwangu na binti yake, na karatasi ya konvensheni ya mamodo huko Marekani, yaani mkusanyiko ambao unalipa ada ili mwanao atembee mbele ya mawakala wa umodo, kaiprinti stationery na kuikunja kwenye pindo la khanga. Anataka kuuza kiwanja chake cha Mwandiga. Sijamaliza hata kumwamkia kashaniambia, "Mwanangu, nimeulizia vizuri, hawa si matapeli."

Hiyo sentensi mwaka huu nimeisikia mpaka imenichosha, ndo maana naandika.

Jamani, sawa, si matapeli. Ukumbi upo kweli, mawakala wapo kweli, wamekaa mezani na beji zao na mtoto akitembea wanamwangalia. Hilo sibishi. Kinachoniudhi ni kwamba mtu akishajua si matapeli basi kamaliza kufikiri, haulizi swali la pili: huyu mwandaaji hela yake inatoka wapi? Mimi ni wakala mama, mtoto niliyemlea akisaini na wakala wa nje napata kama asilimia 10 ya kazi zake, na yule wa kule anakata kama 20. Asipopata kazi wote tunakosa. Kwa hiyo nikikwambia mwanao anafaa, jua njaa yangu nayo imo humo. Mwandaaji wa konvensheni yeye kashalipwa mlangoni. Mwanao awe na sentimita 160 au 178 ada ni ileile, na huyo wa 160 hakuna atakayemwambia ukweli kwamba majukwaa makubwa ya mitindo yanataka wasichana wa kuanzia 173 hivi, maana naye ni ada.

Na usome mkataba. Hawajaahidi kazi popote, wanauza mafunzo na nafasi ya kuonekana. California walipitisha sheria mwaka 2009 kukataza anayekutafutia kazi ya uigizaji au umodo asikudai hela kwanza, yaani hata huko kwenye biashara yenyewe ilionekana hili ni tatizo, halafu sisi huku mwisho wa reli tunaona kulipa kwanza ndo dalili ya uzito wa jambo.

Kuna hii ya kolbeki pia. Mtoto anarudi kasema kaitwa na mawakala sita! Kolbeki maana yake njoo tuongee, basi. Wakala kaletwa pale, mara nyingi tiketi na hoteli kalipiwa na mwandaaji, kumwita mtoto mezani hakumgharimu kitu. Kinachohesabika ni mkataba uliosainiwa, na baada ya mkataba ni kazi iliyolipwa. Wakala huyohuyo ana fomu kwenye tovuti yake, unatuma picha bure.

Halafu lazima mtu aniambie, mbona fulani alitokea huko? Ndiyo, wapo. Mwigizaji Ashton Kutcher alipelekwa New York kwenye konvensheni moja ya hivyo inayoitwa IMTA. Lakini angalia alifikaje, skauti, yaani mtafuta vipaji, alimkuta baa huko Iowa, akamwingiza shindano la mkoa wao, akashinda, na safari ya New York ilikuwa ndo zawadi. Hakuna aliyeuza kiwanja. Kwa mamodo wenyewe, Kate Moss alionwa uwanja wa ndege wa JFK mwaka 1988 akiwa na miaka 14, Alek Wek alionwa sokoni London mwaka 1995, na huyu wetu Flaviana Matata wa Shinyanga alipitia Miss Universe Tanzania 2007 mpaka akaingia kumi bora kule Mexico. Njia zao zote tofauti, ila mfano unaoletwa kwangu kila siku ni wa konvensheni tu.

Hesabu sasa. Chukua ada ya konvensheni dola 4,000, tena hapo nimeshusha, ni kama milioni 10 ya kwetu. Ongeza nauli mpaka Dar, ndege, na viza ambayo ukinyimwa ada hairudi. Pola je, zile picha za kawaida bila mapambo unazomtumia wakala? Ukuta mweupe, mwanga wa dirishani, singlet nyeusi na jinsi ya kubana, nywele nyuma, uso bila kitu, mbele, ubavuni, mgongoni, na kavideo akitembea. Simu inatosha. Msimpeleke saluni kwanza, nawaomba, wakala anataka kuona ngozi.

Ila sitawadanganya kwamba njia ya bure inafanya kazi kila mara. Barua pepe nyingi hazijibiwi kabisa. Na kuna watu ambao picha haiwatendei haki. Miaka mitatu iliyopita nilimkataza binti mmoja wa Ujiji asiende konvensheni, alikuwa na mwendo ambao ukimwona unasimama, lakini kwenye pola ni msichana wa kawaida na hata kavideo hakakuutoa ule mwendo. Nilituma mara nne, kimya. Sasa hivi anauza vitenge. Kuna siku nampita dukani kwake najiuliza, je wangemwona akitembea mbele yao? Sijui. Na mzazi anayeishi Marekani hukohuko, ana hela ya ziada, mtoto anataka kujifunza kusimama mbele za watu, huyo akienda sina neno naye. Mimi naongelea mama wa mawese.

Huyu binti wa Jumamosi ana 176 na shingo ndefu nzuri sana. Nikampiga pola palepale bila kuwadai hela, nimetuma kwa mawakala watano, wawili wa Afrika Kusini. Mpaka leo hakuna aliyejibu. Jana usiku mama yake kanipigia, kasema kuna mteja kashakwenda kukiona kiwanja. Nimemwomba anipe mwezi mmoja. Kanijibu, "Mwanangu, na wakijaza nafasi?"