Digrii yako ya uhasibu haifuti F ya Hesabu

Ujumbe umeingia tena: "Shikamoo mwalimu. Nina digrii ya uhasibu, GPA 3.9, nataka kuomba MD, digrii ya udaktari, kwa sifa linganifu. Nianzie wapi?"

Marahaba. Anzia kwenye cheti chako cha kidato cha nne. Digrii irudishe kabatini kwanza.

"Sifa linganifu" kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, si elimu yoyote iliyo juu ya fomu sikisi. Kwa MD, mlango wa pembeni unaojulikana ni diploma ya Clinical Medicine, yaani tiba ya kliniki. Kamati ya udahili haikuulizi kama una akili. Inakuuliza ziko wapi Fizikia, Kemia na Baiolojia. GPA ya 3.9 ya uhasibu haina hata mole moja, kile kipimo cha Kemia, ndani yake.

Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kombi ya PCB: Fizikia 131, Kemia 132, Baiolojia 133. Unahitaji principal pass, yaani ufaulu kamili wa somo, zote tatu, na D tatu zinakupa pointi 6, yaani sakafu kabisa. Sakafu inakuruhusu kuomba tu. Kwenye vyuo vya serikali utagombea nafasi na watoto wenye A na B. Kukaa kwenye mtihani huo nako kunadai krediti tatu (alama C au zaidi) za kidato cha nne, na usajili hufungwa miezi mingi kabla ya Mei. Ukizinduka Februari umechelewa.

Ya pili ni hiyo diploma: miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi 6 ya NTA (tuzo za elimu ya ufundi), kisha unaomba MD kwa wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. MD yenyewe ni miaka mitano, na intaneshipu mwaka mmoja. Piga hesabu: miaka tisa.

Nimesema hesabu, na hapo ndipo pananikera. Kuingia diploma ya Clinical Medicine unaulizwa pasi nne za kidato cha nne, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo. Hesabu si lazima iwe mojawapo. Mtu mwenye F ya Hesabu anaingia vizuri, anasoma miaka mitatu, anatoka na GPA ya 4.1, anaomba MD, anakwama. Kwa nini? Kwa sababu mstari wa MD kwa wenye diploma, ukiusoma mpaka mwisho, unaongeza: angalau D ya kidato cha nne katika Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Watu husoma mpaka kwenye "GPA 3.0" wakafunga kitabu. Mstari unaendelea! Vyuo navyo vinatofautiana, kwa hiyo soma mstari wa chuo unachokitaka, kwenye mwongozo wa mwaka utakaoomba, si picha ya skrini uliyotumiwa kwenye grupu.

Dawa yake ni ndogo kuliko aibu yake: unarisiti, yaani unarudia mtihani wa, Hesabu peke yake, Novemba, huku diploma inaendelea. Usisubiri umalize. Mhasibu anayeona haya kukaa chumba kimoja na vijana wa miaka kumi na saba kwa sababu ya logi na uwezekano, ajue kwamba ataketi nao miaka mitano mingine.

Na yule aliyeacha Fizikia na Kemia alipofika kidato cha tatu? Huyo hana F, ana nafasi tupu, na nafasi tupu ni sawa na F. Arudi kidato cha nne kwa masomo hayo kwanza. Kuirukia fomu sikisi bila msingi huo ni kujitafutia homa.

Sasa vitendo. Wengi hujifungia na pasti pepa za nadharia mwaka mzima, halafu karatasi ya tatu inawaumbua, maana ile haikeshewi kwa daftari. Chukua taitresheni, yaani kupima asidi dhidi ya besi. Bureti, ile neli ndefu yenye vipimo, unaisuuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa asidi yenyewe utakayoijaza. Ukiishia kwenye maji, yale matone yaliyobaki yanaizimua asidi, nawe utatumia asidi nyingi kuliko inavyopaswa. Chupa ya koni ni kinyume: maji tu, basi. Ukiisuuza kwa besi utakayopima kwa pipeti, umeongeza mole ambazo hukuzipima, na jibu linapanda tena. Ondoa funeli kabla ya kusoma, maana tone lililoning'inia litaanguka katikati ya kazi. Toa kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti. Weka jicho usawa wa mkunjo wa chini wa kimiminika. Ukitumia kiashiria cha methyl orange na asidi iko kwenye bureti, acha mara njano inapogeuka chungwa. Ikishakuwa nyekundu umepitiliza. Jaribio la kwanza ni la kukisia, kisha unataka matatu yasiyopishana zaidi ya 0.2 cm³.

Haya yote mkono ndio unayajifunza, na mkono unahitaji bureti. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya kituo cha tuisheni, omba uoneshwe maabara. Si picha ya maabara. Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Uliza pia silabasi, maana mtaala umebadilika, na madaftari ya kaka yako yanaweza kukupeleka kwenye mada zisizotahiniwa tena.

Njia ipi bora? Hapa huwa nasitasita. Kwa aliyeajiriwa na mwenye watoto, PCB ya jioni kwa mwaka mmoja inaonekana fupi, lakini nadhani ndiyo inayowashinda wengi zaidi, hasa kwenye Fizikia. Wanarudia mara mbili, ufupi umeisha. Diploma ni ndefu, ila mwishoni una kazi mkononi hata MD isipopatikana. Kwa aliye huru na mwenye krediti ya Kemia, ningesema PCB. Kwa nini daktari apimwe kwa kasi ya mpira uliorushwa pembe 30, sijawahi kuridhika na jibu lolote, lakini mlangoni ndiko inakoulizwa.

Ndugu wa 3.9, nitumie picha ya cheti. Anza na ile sehemu yenye Basic Mathematics.